Siku Niliyomsema Mama Hadharani

Daktari aliniuliza maswali manne kuhusu mama yangu, na matatu nikamdanganya. Lililobaki nilijibu kweli kwa sababu lilihusu umri wake, na umri hauna aibu. Siandiki haya ili nijitetee. Nimeshajitetea kichwani mwangu hadi nimechoka, na haijanisaidia kitu.

Nianze na nyumbani. Kijiji chetu kiko upande wa Ikungi. Unaiacha lami ya Dodoma, unaingia ndani kwa bodaboda kama nusu saa, mashamba ya alizeti mkono huu, mawe makubwa mkono huu. Mimi ni fundi cherehani. Ndoa yangu ya Singida mjini ilipovunjika nilirudi kwa mama, nikaweka cherehani barazani, nikawa nashona magauni ya vitenge na sare za shule. Baba alishafariki. Kaka yangu, tumezaliwa wawili tu, yuko Mwanza na familia yake. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na mama, na mimi, na mbuzi sita.

Mama alianza na vitu vidogo. Simu yangu aliifukia kwenye debe la unga. Chumvi aliitia kwenye chai, halafu akanilaumu mimi. Sasa mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi, tangu utoto ndivyo nilivyo. Nilimfokea. "Mama, we vipi lakini!" Na yeye alinifokea, maana hasira hizo nimezirithi kwake. Tulifokeana karibu mwaka mzima. Nilidhani ananikomoa kwa kuachika.

Halafu asubuhi moja nilikuwa naanika mtama uani, mama akatoka chumbani, akakunja magoti kidogo kama mtoto anavyomwamkia mkubwa, akasema, "Shikamoo shangazi."

Shangazi yake alikufa mimi sijazaliwa. Nikamwambia, "Mama, ni mimi. Ni binti yako." Hakusikia, au alisikia akaona ni maneno ya hovyo. Akarudia, "Shikamoo." Kwetu ukimwamkia mkubwa akanyamaza, maana yake umemkosea na kosa ni kubwa. Akaniuliza amefanya nini. Mwanamke aliyenizaa, amesimama mbele yangu anaomba msamaha wa kosa asilolijua.

Nikaitika marahaba. Akafurahi, akaenda kukaa kwenye kigoda chake, na mimi nikamaliza kuanika. Usiniulize nilihisi nini. Ninachokumbuka ni kwamba mtama ule ulikuwa na mawe mengi, nikayatoa moja moja.

Tangu siku ile nikawa shangazi. Siku nyingine nilirudi kuwa mimi kwa nusu saa hivi, halafu basi. Na mambo mengine yakafuata, yale ambayo baadaye niliyaficha. Nilikufa ganzi. Hasira zangu zenyewe zilikwisha, na mtu asiyenijua angesema nimekuwa mpole. Kaka alinitumia ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, huo ni uzee tu, wazee wote ndivyo walivyo, wewe vumilia, na sisi huku tunamwombea." Nikamjibu amina, nikaenda kufua mashuka.

Aliyegundua ni mhudumu wa afya wa kijiji. Ni mama wa hapa hapa kwetu, amepewa mafunzo na begi, anapita nyumba kwa nyumba kupima watoto na kuwakumbusha wajawazito kliniki. Siku hiyo hakuja kwa kazi. Alikuja kuchukua gauni lake. Mama akamkaribisha kwa Kinyaturu, na salamu zetu si fupi: za nyumbani, za watoto, za mifugo, za shamba, umeamkaje, wagonjwa wanaendeleaje. Mama hakukosea hata moja. Mhudumu akanitazama. "Nasikia watu wanasema bibi hayuko sawa. Mbona mzima kabisa huyu?"

Akajaribu gauni, likamkaa. Alipoinuka kuondoka, mama akaanza tena. Za nyumbani, za watoto, za mifugo. Mhudumu akaitikia akicheka. Alipofika kwenye ngazi mama akaanza mara ya tatu, kwa uso ule ule wa furaha, kama mtu aliyefika sasa hivi. Mhudumu akarudi akakaa chini na begi lake.

"Dada, huu si uzee tu," akasema. "Huu ni ugonjwa. Una kliniki yake." Akanieleza yote. Kwamba hospitali kubwa kuna kliniki ya afya ya akili, Jumanne na Alhamisi. Kwamba kuna dirisha la wazee, kwa hiyo hatutapanga foleni ndefu. Kwamba hata mimi ninayemuuguza nina haki ya kukaa na mtaalamu nikaongea. Hilo la mwisho nililiona kichekesho. Mimi niongee nini?

Akanipa maagizo mawili. "Ukifika kule, sema yote. Usimpambe mama. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa. Na la pili, waambie majirani. Wakijua, wakimwona anatoka watamrudisha."

Nikasema sawa. Hakuna hata moja nililolifanya.

Niliposikia kliniki ya akili, mimi nilichosikia ni benchi la vichaa. Ndivyo tunavyoliita, tusidanganyane. Na majirani nao, yule wa karibu kabisa, ambaye mipaka yetu ni mstari wa minyaa, ni rafiki wa mama tangu walipoolewa kijiji hiki mwaka mmoja. Wamelima pamoja, wamezika waume zao wakishikana mikono. Nikamwambie nini, kwamba rafiki yako anajikojolea? Mama alikuwa mtu wa kujiheshimu. Hakuna mtu kijijini aliyewahi kumwona na kanga iliyofifia. Nikaona nitamlinda mwenyewe.

Hospitali tulikwenda Alhamisi. Sitaitaja, na hawakunikosea. Dirisha la wazee lilikuwapo kweli, dada mmoja wa hapo akamshika mama mkono akampeleka hadi kwenye benchi. Mama akasalimia benchi zima. Aliyekuwa anaongea peke yake akaacha, akaitika. Mwingine, kijana aliyefungwa mikono kwa kanga ya mama yake, akaitika naye. Nilikaa pembeni nikiomba asitokee mtu wa kwetu.

Daktari alikuwa kijana mdogo, wa kuwa mjukuu wa mama. Akamwamkia vizuri. Akamuuliza, "Bibi, leo ni siku gani?"

"Eti nini?" mama akasema. "Wewe umesomeshwa miaka yote hiyo, hujui leo siku gani, unaniuliza mimi bibi wa shamba?"

Daktari akacheka. Nesi akacheka. "Haya bibi, rais wetu ni nani?"

"Si huyo huyo mliyemchagua."

Jamani, nilimwonea fahari. Nasema ukweli. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilimwona mama yangu, yule mwenye mdomo, na nikataka abaki hivyo hivyo mbele ya wale watu. Ndipo daktari akanigeukia mimi. Miaka mingapi? Nikataja. Anawatambua watu wa nyumbani? Anatoka na kupotea? Na haja zake, anajisaidia mwenyewe vizuri?

Mama alikuwa amekaa hapo, goti lake limegusa langu. Kwetu mtoto hasemi habari za choo za mzazi wake. Hasemi kwa mwanamume, hasemi kwa mtu wa rika la wajukuu, na mbele ya mzazi mwenyewe ndiyo kabisa. Ni kumvua nguo. Ningeweza kuomba tutoke nje tukazungumze mlangoni. Wazo hilo halikunijia, au lilinijia nikalifukuza.

"Anawatambua," nikasema. "Hapotei. Anajisaidia mwenyewe. Ni kusahau sahau tu."

Daktari alinitazama kidogo. Nadhani alijua. Lakini benchi lilikuwa limejaa, na mtu mzima amesema. Akaandika: kusahau kwa kawaida kwa umri, hana dalili nyingine kwa maelezo ya ndugu, arudi hali ikibadilika. Akagonga muhuri. Mama akamshukuru, akambariki, akaanza kumsalimia upya. Nikamvuta mkono tukatoka.

Njiani alijikojolea kwenye gari. Nilimfunika kwa kitenge changu, nikawaambia abiria chupa ya maji imemwagika.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa kutoka. Mama alikuwa anakwenda kutafuta ndama. Alichunga akiwa mtoto, na ndama wale wa zaidi ya miaka sitini iliyopita walikuwa bado hawajarudi. Kaka aliniambia nimfungie. Nilimfungia siku mbili. Alipiga mlango kwa viganja akimwita mama yake. Siku ya tatu nikafungua, potelea mbali.

Basi nikafanya ufundi wangu. Siku ya mnada Ikungi nilinunua kengele ya mbuzi, ile ndogo, nikaishona ndani ya upindo wa shimizi lake. Nilijivunia sana kazi ile. Mshono wa ndani, mkono wangu mwenyewe, hauonekani. Akienda kushoto nasikia, akienda kulia nasikia, na mimi niko kwenye cherehani yangu kichwa chini. Sikuwa na haja ya kumwambia mtu.

Kilichonipita ni kwamba nilichokisikia mimi walikisikia na wengine. Mama alitoka alfajiri, kabla sijaamka, akazunguka kwenye minyaa na kwenye mazizi ya watu, na kengele ikilia. Mtu yuko ndani ya nyumba yake, bado giza giza, anasikia kengele inapita nyuma ya dirisha, anachungulia, anaona mwanamke mzee peke yake. Mbuzi hakuna. Kwetu kengele ya namna hiyo, saa hiyo, mwilini mwa mtu, ni ya mganga au ni ya mtu mbaya kuliko mganga. Wateja wangu walipungua. Nilidhani wako kwenye kuvuna.

Ilikuwa miezi ya baridi, upepo wetu ule unaochoma masikio. Nyumbani kwa jirani kulikuwa na kichanga, mtoto wa mkwe wake, na kilikuwa na homa siku ya tatu. Alfajiri ile mkwe alitoka kwenda chooni, akakiacha kichanga kwenye mkeka karibu na jiko. Aliporudi alimkuta mama yangu amekaa chini na mtoto mapajani. Mama alikuwa amevua gauni lake, amemfunga nalo mtoto tabaka mbili, na yeye amebaki na shimizi. Alikuwa anambembeleza. Kila akitikisa goti, kengele inalia.

Mimi niliamshwa na ukelele. Kengele sikuisikia. Nilikuwa nimeizoea, usingizi ulikuwa umeizoea.

Nilipofika, ua ulishajaa. Mtoto alikuwa kwa mama yake, mzima, analia. Mama alikuwa amesimama katikati ya uani na shimizi, anatetemeka kwa baridi, anawasalimia watu. Hakuna aliyemwitikia. Kijana wa nyumba ile, baba wa kichanga, alikuwa ameshika mpini wa jembe. Akaniuliza, bila kupiga kelele, "Dada, kengele hiyo ya nini?" Nikapita mbele yake, nikaenda kusimama karibu na mama. Jirani, rafiki wa mama, alikuwa mlangoni, mkono kinywani.

Sitaki kueleza yanayowapata wanawake wazee wa kanda yetu wakishaitwa jina lile. Mtu wa kwetu anajua. Haihitaji watu wengi, na haihitaji siku nyingi.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuja na koti juu ya msuli. Akasema mtu asimguse huyu bibi, tukutane wote saa nne. Nikamfunika mama, nikampeleka nyumbani, nikamwogesha, nikampa uji. Akaunywa wote. Akaniambia, "Shangazi, wale watu wana nini, hawaitikii?" Nikasema wameamka vibaya.

Tulikutana kwenye darasa la chekechea, maana ndilo lenye benchi. Benchi zenyewe za watoto. Wazee wazima wamekaa magoti yamefika kidevuni, na ukutani kuna picha ya tembo na namba moja hadi kumi. Mama nilimkalisha mbele, nimemvika gauni lake la kanisani. Shimizi sikulibadilisha. Sijui kwa nini. Nadhani sikufikiri.

Mwenyekiti ni mtu wa taratibu. Akamwacha mkwe aeleze alichokiona, akaeleza. Akawaacha watatu waseme habari za kengele alfajiri, wakasema. Halafu akanigeukia kwa upole kabisa. "Mwanangu, mhudumu wetu wa afya ameniambia ulimpeleka mama hospitali. Walisemaje? Karatasi ipo?"

Karatasi ilikuwepo. Nilikwenda nayo mwenyewe, nikidhani ni kinga. Kwa akili zangu zile za asubuhi, karatasi ya hospitali ni karatasi ya hospitali. Nikampa. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno. Kusahau kwa kawaida kwa umri. Hana dalili nyingine. Kwa maelezo ya ndugu.

Darasa likanguruma. "Kumbe haumwi," mtu akasema nyuma. "Basi anajua anachokifanya," akasema mwingine. Na mama naye, aliposikia sauti za watu, akainuka kwenye benchi lake, akawasalimia wote kwa Kinyaturu, safi, mstari baada ya mstari, akamjua mwenyekiti kuwa ni mtoto wa fulani wa fulani. Ukimwona ungesema huyu ana akili kuliko sisi wote. Baba wa kichanga akasimama. Mpini hakuwa nao, ila nilimwona mikono.

Uongo wangu ulikuwa umepigwa muhuri, na sasa ulikuwa unamuua mama yangu.

Nikasimama. Nilisema, "Ndugu aliyetoa maelezo ni mimi. Nilidanganya." Kisha nikayasema. Niliyasema kama ninavyosoma vipimo vya mteja, kifua, kiuno, urefu, sauti ile ile. Kwamba mama anajikojolea, mchana na usiku, na kubwa pia, na mara nyingine anaishika kwa mikono na kuipaka ukutani, na mimi ninapaka chokaa upya kila mwezi, na mlidhani napenda usafi. Kwamba ninamvisha vitambaa ninavyokata kwenye mashuka, kama mtoto mchanga, na hata sasa hivi amevaa. Kwamba aliwahi kula sabuni. Kwamba anamtafuta baba, nikimwambia amekufa analia kama ndiyo kwanza anasikia, kwa hiyo siku hizi namwambia yuko shamba. Kwamba anatoka alfajiri kutafuta ndama. Nilimtazama yeye nilipokuwa nasema, maana nilijilazimisha. Alikuwa ananisikiliza kwa makini, mikono mapajani, anatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Muulizeni mimi ni nani," nikasema.

Mwenyekiti akasita. Akamuuliza, "Mama, huyu ni nani kwako?"

"Si shangazi yangu huyo," mama akajibu, na akashangaa anaulizwa kitu cha wazi hivyo. Kuna mtu alicheka. Wengine hawakucheka.

Nikapiga magoti, nikafunua upindo wa shimizi mbele ya wanaume na wanawake, nikatoa wembe mfukoni, wembe wangu wa kufumulia, nikafumua. Nikaiweka kengele mezani. "Hii niliishona mimi," nikasema. "Ili nijue alipo wakati nashona. Hakuna dawa. Niliinunua Ikungi mnadani, anaponunua kila mtu mwenye mbuzi."

Mhudumu wa afya akasimama, akasema ugonjwa huu una jina, dimenshia, ubongo unakufa kidogo kidogo, na salamu ni katika vitu vya mwisho kuondoka kwa sababu mtu amezisema maisha yake yote. Sijui kama walimsikiliza. Aliyewageuza ni jirani. Alisimama na fimbo yake, hakumtazama mtu, alinitazama mimi.

"Mwaka jana aliniuliza mume wangu hajambo," akasema. "Mume wangu tulimzika naye. Nikajua. Nikangoja uje uniambie. Kwa nini hukuniambia?" Na kabla sijajibu akanipandishia: "Mimi ni nani kwenye nyumba ile? Mgeni? Ningemshika mkono kila alfajiri nikamrudisha! Umemficha mpaka wanangu wamekaribia kumwaga damu ya rafiki yangu. Mjinga wewe."

Akamgeukia mwanawe. "Na wewe kaa chini." Kijana akakaa.

Basi, hapo iliisha. Mwenyekiti alisema maneno marefu ambayo siyakumbuki. Sikulia, sikumshukuru mtu. Miguu ilikuwa imekufa kwa kupiga magoti kwenye sakafu, ndicho nilichokuwa nakifikiri.

Kichanga kilipelekwa zahanati siku ile ile, kilikuwa na malaria, kikapona. Wiki iliyofuata tulirudi hospitali, mimi, mama na mhudumu. Yule daktari kijana nilimwomba tutoke mlangoni, nikamwambia yote, na hakunigombeza. Alisema, "Wengi mnafanya hivyo, mama." Akaandika karatasi nyingine. Sasa tunakwenda kila mwezi. Dawa hazirudishi kitu, aliniambia waziwazi, ila amepunguza kuhangaika. Na mimi naitwa chumba cha pili, nakaa na mama mmoja mtaalamu, ananiuliza ninalalaje, ninakula nini. Miezi miwili ya kwanza nilimjibu nzuri, salama, kama mama anavyosalimia. Mwezi wa tatu nilimwambia kuna siku namwangalia mama na sihisi kitu chochote, kama naangalia mteja. Akaandika. Hakushtuka. Jirani anamchukua Jumatatu na Ijumaa asubuhi, wanakaa wanachambua mboga, na kila mtu kijijini akimwona anatafuta ndama humwambia wameshaingia zizini, mama, twende nyumbani. Anakubali. Hilo jibu la ndama, sijui ni nani wa kwanza kulibuni.

Wateja wamerudi. Kaka alikuja mara moja, mama akamwita mchungaji, akaondoka kesho yake.

Yule mtaalamu nimemwambia karibu yote. Nimebakiza tulivyorudi nyumbani kutoka lile darasa la chekechea. Tulitembea wawili, watu wakitupisha. Nilimshika mkono, na ulikuwa mkavu, na vidole vyake vilikuwa vinacheza cheza kwenye kiganja changu. Alikuwa kimya, na mimi nikashukuru kwamba angalau hakuelewa, kwamba yamempita.

Tulipofika kwenye mawe akasimama apumzike.

"Yule mama aliyekuwa anasemwa mle ndani," akasema, "wa watu gani yule? Maskini. Kusemwa hivyo mbele za watu, mpaka habari za choo. Na aliyemsema ni mtoto wake wa kumzaa. Nilisikia."

Nikasema ndiyo, nilisikia na mimi.

"Mimi ninaye binti, shangazi. Anashona. Ana hasira sana yule, mdomo wake ni moto. Lakini hicho," akatikisa kichwa, "hicho yeye hawezi kunifanyia. Hata afe."

Alinitazama, anangoja nimuunge mkono.

"Hawezi," nikasema. "Twende, jua limekuwa kali."